Gari wiki saba gereji, bili imevimba na gia zinatetemeka: Mzazi ataanzia wapi?

Katika nyumba nyingi za mjini, gari dogo lililoagizwa Japani likiwa limeshatumika ndilo basi la shule. Ndilo pia ambulensi ya saa nane za usiku mtoto akishikwa na homa, na ndilo lori la kubeba viazi, ndizi na kuku kutoka mashambani wakati wa likizo. Siku linapolala gereji, ratiba ya nyumba nzima huvurugika, na zikipita wiki bila kurudi hata bajeti ya chakula huanza kuguswa.

Mama mmoja wa watoto watatu anayeishi upande wa Kahawa, Nairobi, anaijua hesabu hiyo vizuri. Gari lake la injini ya 1500 lilianza kupandisha joto kwenye foleni ya Thika Road. Akalipeleka gereji aliyoelekezwa na mfanyakazi mwenzake. Fundi akafungua boneti, akachungulia, akasema gasketi ya hedi imeungua: kazi ya siku nne, Sh38,000, vipuri na ufundi pamoja. Mama akatuma Sh20,000 za mwanzo kwa M-Pesa, akaacha ufunguo, akapanda matatu.

Siku nne zikawa wiki mbili. Kwanza gasketi ilikuwa haijapatikana Kirinyaga Road. Kisha hedi ilikuwa bado kwa mtu wa mashine ya kusawazisha. Kisha fundi alikuwa na msiba mashambani. Kisha mvua. Kila alipopiga simu jibu lilikuwa lilelile: "Mum, kesho jioni uje uchukue." Kesho hiyo ilifika baada ya wiki saba.

Kwa wiki hizo zote watoto wawili walikwenda shule kwa bodaboda na matatu, Sh400 kwa siku. Siku 35 za shule, Sh14,000. Fedha hizo hazimo kwenye bili yoyote ya gereji.

Bili yenyewe ilikuja kwenye karatasi ya daftari. Kazi ya hedi, Sh38,000. Rejeta mpya, Sh9,500. ATF lita 4 pamoja na kuibadilisha, Sh7,200. Betri mpya, Sh8,000. Kuosha injini, Sh1,500. Maegesho, Sh3,200. Jumla, Sh67,400. Yaani gereji iliyochelewesha gari ilikuwa inamtoza mwenye gari kwa siku ambazo gari lilikuwa limecheleweshwa!

Hapo wazazi wengi hukosea njia mbili. Wapo wanaolipa yote kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na hawana nguvu ya kugombana. Na wapo wanaopandisha sauti, wakaita ndugu, wakatisha kwenda polisi. Polisi aghalabu watawaambia kwamba mabishano ya bili ni suala la madai, na mkarudi palepale mlipoanzia, sasa mkiwa maadui.

Mama huyu alifanya jambo la tatu. Aliomba ufunguo kabla ya kutoa hata shilingi, akamwambia fundi aketi kiti cha abiria, wakaenda kuliendesha.

Joto lilikuwa limetulia. Kazi ya hedi ilikuwa imefanywa, na hilo lazima lisemwe. Lakini taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na kila gari lilipoondoka kutoka kusimama lilitetemeka kama bodaboda inayopanda kilima na abiria wawili. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwepo kabla ya gari kuingia gereji. Alijuaje kwamba ataaminiwa? Alikuwa na video fupi kwenye simu, aliyoichukua asubuhi ile gari lilipopandisha joto, ili amwonyeshe mumewe. Ndani yake dashibodi yote inaonekana: sindano ya joto iko juu, taa ya injini imezimika, na namba ya kilomita inasomeka. Namba hiyo ndiyo iliyofichua jambo jingine. Gari lilikuwa limetembea kilomita 214 likiwa "linatengenezwa".

Fundi alisema ni majaribio ya barabarani. Labda. Kilomita 214 ni zaidi ya kutoka Nairobi hadi Nakuru.

Bili ya namna hii haifai kubishaniwa kwa jumla yake. Ukisema tu "ni nyingi", fundi atasema bei za vipuri zimepanda, na huenda anasema kweli. Igawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi mliyokubaliana na ikafanyika. Fungu la pili ni kazi iliyofanywa bila wewe kuulizwa. Fungu la tatu ni uharibifu mpya uliotokea mikononi mwa gereji. La kwanza unalipa. La pili una haki ya kulikataa. La tatu wewe ndiye unayedai.

Kenya ina sheria inayozungumzia jambo hili waziwazi, ingawa mafundi wengi na wateja wengi hawajawahi kuisoma. Ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Sehemu yake ya Sita yote inahusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Fundi anatakiwa kutoa makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi. Akishayatoa, bili haiwezi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Hatakiwi kutoza kazi ambayo mteja hakuiidhinisha. Anatakiwa kumpa mteja vipuri vya zamani alivyovitoa, na ankara inayoeleza kilichofanywa. Tena vipuri vipya alivyoweka, pamoja na ufundi wa kuviweka, vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia.

Gereji ya vigae yenye chumba cha kusubiri na kahawa, na gereji ya mabati iliyo kando ya barabara, zote zinatengeneza magari kwa malipo, na zote zimo.

Kwa mama wa Kahawa, asilimia 10 ya Sh38,000 ni Sh3,800. Kwa hivyo hata gereji ingekuwa na sababu nzuri namna gani, kiwango cha juu kilikuwa Sh41,800. Hesabu hiyo aliipiga kwenye simu akiwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akamwonyesha mwenye gereji. Kilichomsaidia ni kwamba makadirio yalikuwa yameandikwa. Si kwenye fomu rasmi, la. Siku ya kwanza alikuwa amemtumia fundi ujumbe wa WhatsApp: "Tumekubaliana 38,000 spea na labour, siku nne, nimetuma 20,000." Fundi akajibu: "Sawa mum." Maneno hayo mawili yalikuwa na uzito kuliko kelele zote za siku ile.

Akaomba vipuri vya zamani. Rejeta ya zamani ilikuwepo, na kweli ilikuwa imepasuka upande wa plastiki juu, mahali ambapo magari mengi ya umri huo hupasuka. Gasketi iliyoungua ilikuwepo. Betri ya zamani ilichukua nusu saa kupatikana, nayo ilipoletwa ilikuwa ndani ya gari la mteja mwingine. Ikarudishwa mahali pake na gari likawaka kwa mara ya kwanza. Sh8,000 za betri zikafutwa papo hapo, bila mabishano.

Kulikuwa na swali la mtetemeko. Hapa inafaa kueleza kidogo, maana tatizo hili linawakumba wengi wenye magari madogo ya miaka ya karibuni. Magari mengi ya aina hiyo kutoka Japani yana giaboksi ya CVT. Haina gia za kawaida zinazopandana. Ina mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda ule unahitaji oili yake maalumu, inayouwezesha kushika puli bila kuteleza. Oili ya kawaida ya gia za otomatiki, ATF, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikimiminwa humo, gari huanza kutetemeka na kuteleza, na likiendeshwa hivyo kwa muda mrefu giaboksi yenyewe inaweza kufa. Bei ya giaboksi hata ya mitumba inaweza kuipita bili yote tunayoizungumzia hapa.

Sasa rudi kwenye bili. "ATF lita 4." Fundi alikuwa ameandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake akaomba Sh7,200.

Mama hakuligundua peke yake. Jirani alimpa namba ya fundi wa pili, mtu wa mashine ya kupima hitilafu, ambaye alikuja hadi pale gereji kwa Sh3,000. Alichomeka mashine yake na kuikuta ile taa ya injini ilitokana na plagi ya sensa ambayo haikurudishwa vizuri baada ya hedi kufungwa. Dakika kumi, ikazimika. Kisha akaisoma bili na kuuliza gari hili lina giaboksi gani. Kwenye kitabu cha mwongozo ndani ya gari imeandikwa CVT, na aina ya oili inayotakiwa.

Jambo muhimu ni kwamba fundi wa pili hakufungua kitu. Alipima, akaandika alichokiona kwenye karatasi, akatia saini na tarehe. Laiti angefungua giaboksi siku ile, gereji ya kwanza ingesema yeye ndiye aliyeiharibu, na ni nani angewaamua? Ukitaka jicho la tatu, liite kwa ukaguzi tu, tena ikiwezekana mbele ya fundi wa kwanza. AA Kenya pia hukagua magari, na karatasi ya ukaguzi kutoka kwa mtu asiye na maslahi huwa na nguvu mbele ya hakimu kuliko ya shemeji yako.

Na gereji ikikataa kuachilia gari? Hapa ukweli haupendezi. Fundi aliyefanya kazi halali kwenye gari ana haki kisheria ya kulizuilia hadi alipwe kazi hiyo. Kulivizia usiku kwa ufunguo wa akiba ni kujitafutia makuu. Lakini haki yake ni ya malipo ya kazi ile, wala haimpi ruhusa ya kutoza maegesho kwa siku ambazo yeye mwenyewe amelizuilia.

Pia usiliache pale kwa hasira ukasema watajua wenyewe. Ipo sheria nyingine, ya kuuza bidhaa zisizochukuliwa na wenyewe, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya. Bila shaka umewahi kuona matangazo yake gazetini: orodha ya namba za magari, jina la gereji au uwanja wa maegesho, na onyo kwamba wenye magari wasipoyachukua na kulipa katika siku 30 yatapigwa mnada. Baadhi ya magari yale yalianza kwa ugomvi wa bili. Ukibishana, bishana kwa maandishi yenye tarehe, yaseme wazi kwamba gari unalitaka, kazi uliyoidhinisha uko tayari kulipia, na unachokataa ni hiki na hiki. Mtu aliyeandika hivyo hawezi kuitwa mtu aliyetelekeza gari.

Kama huwezi kukaa bila gari, iko njia ya kulipa bila kukubali. Lipa wanachodai, lakini kabla ya kulipa tuma ujumbe: nalipa ili nipate gari, sikubaliani na Sh kadhaa za kitu fulani, nitazidai. Lipa kwa njia inayoacha alama, M-Pesa au benki, tena kwa namba ya gereji badala ya namba ya kijana wa mkono. Fedha taslimu bila risiti ndiyo zawadi kubwa kuliko zote unayoweza kumpa mtu unayebishana naye.

Mama wa Kahawa hakufika huko. Mwenye gereji alikuwa mtu mzima, mwenye watoto shuleni yeye pia, na alipoiona karatasi ya fundi wa pili alimwita kijana wake kando. Maegesho yakafutwa, kuosha injini kukafutwa, ATF ikafutwa. Gereji ikakubali kumwaga oili ile na kuweka ya CVT kwa gharama yake, fundi wa pili akiwepo. Rejeta ilibaki. Mama angeweza kuikataa kwa kuwa hakuulizwa, lakini aliona kwa macho yake kwamba ya zamani ilikuwa imekufa, na bila mpya hedi ingeungua tena. Akakubali kuilipia Sh3,500. Jumla ikawa Sh41,500. Akaongeza Sh21,500 juu ya zile za mwanzo, akaandikiwa risiti yenye neno dhamana na siku 90.

Zile Sh14,000 za nauli ya watoto aliziomba. Mwenye gereji akatikisa kichwa. Angeweza kuzifuata mbele, lakini aliamua kuziacha ili gari litoke kabla ya Jumatatu. Watu wazima hufanya maamuzi ya namna hiyo kila siku na hakuna wa kuwalaumu. Mtetemeko ulipungua sana baada ya oili kubadilishwa, haukuisha kabisa. Fundi wa pili alimwambia hawezi kuapa kwamba mkanda haukuguswa.

Kwa nini siku nne huwa wiki saba? Mara nyingi sababu haisemwi. Gereji nyingi ndogo hazina mtaji. Malipo yako ya mwanzo hununua kipuri cha gari lililokutangulia, na kipuri chako kitanunuliwa na malipo ya atakayekufuata. Asipokuja mtu, unakaa. Ndiyo maana wengine wenye uzoefu hununua vipuri wenyewe Kirinyaga Road au kwa muuzaji wanayemwamini, wakamletea fundi, wakamlipa ufundi peke yake kazi ikiisha. Njia hiyo ina tatizo lake: kipuri kikiharibika, fundi atasema ni chako. Lakini angalau hela yako haiwi hedi ya gari la mtu mwingine.

Na ratiba ya kuchelewa nayo iandikwe. Ukiambiwa kesho, jibu kwa ujumbe: sawa, umesema Alhamisi saa kumi. Alhamisi ikipita, tuma mwingine: Alhamisi imepita, nipe tarehe mpya, watoto wanatumia Sh400 kwa siku. Huna haja ya kutukana. Baada ya wiki tatu una kumbukumbu ambayo hakuna fundi atakayeikana, na nauli yako imetajwa mapema badala ya kuibuka mwishoni kama jambo la kubuni.

Mazungumzo yakishindikana kabisa, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikafika kaunti nyingine. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya uharibifu wa mali. Mlalamishi anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu ilipowasilishwa. Bili ya gereji inaingia humo vizuri kabisa. Kabla ya kwenda, mwandikie mwenye gereji barua ya madai, utaje kiasi na umpe siku kadhaa za kujibu. Barua hiyo pekee huwafungua midomo wengi waliokuwa hawashiki simu.

Utakachobeba ni kidogo: ujumbe wa makubaliano, risiti za malipo, bili yenyewe, picha za dashibodi kabla na baada, karatasi ya mkaguzi, na hesabu ya nauli yenye tarehe. Ziprinti, usitegemee kumwonyesha hakimu simu yenye kioo kilichopasuka na chaji ya asilimia nne. Gereji nayo ina haki ya kuleta madai yake siku hiyo, kwa hiyo kazi iliyofanywa vizuri usiikane. Itakuharibia hata yale uliyo na haki nayo.

Kwa anayepeleka gari wiki hii, kazi yote ya maandishi haizidi dakika tano. Piga picha ya dashibodi injini ikiwa inawaka, pande nne za gari, betri na matairi. Tuma ujumbe wenye tatizo, bei, siku na sentensi moja: usifanye kazi nyingine kabla ya kuniuliza. Subiri ajibu kabla ya kuacha ufunguo. Na siku ya kulichukua andika tarehe na namba ya kilomita nyuma ya risiti, kwa sababu siku 90 na kilomita 5,000 zinaanza kukimbia; wiki moja kabla hazijaisha, mpitishie fundi mwingine alisikilize.